Mzee akizidiwa usiku, ni jukumu la nani?

1/ Mdahalo wowote ukifika kwa wazee, mnaskia hesabu moja tu: zile 2,000 za Inua Jamii kila mwezi kwa waliofika miaka 70. Sawa. Lakini mimi nasoma sayansi ya siasa, na kuna swali bado nangoja liulizwe: mzee anayeishi kwenye makao ya wazee akizidiwa saa nane usiku, nani analazimika kumfikisha hospitali?

2/ Katiba ya 2010 haifichi. Kifungu cha 43(2): hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Cha 57: mzee atunzwe na familia yake na Serikali.

3/ Sheria ya Afya ya 2017 ikaweka meno. Hospitali yenye uwezo ikikataa kumtibu mgonjwa wa dharura, faini ni hadi shilingi milioni 3.

4/ Pengo liko hapa. Adhabu hiyo inaibana hospitali, na makao si hospitali. Mlezi akiwa peke yake na wazee wengi, hana gari, na anangoja meneja aamke ndio aruhusu, haki ya mzee inakwama kitandani. Kiharusi hakingoji asubuhi.

5/ Katiba imezipa kaunti kazi ya ambulensi. Kwa hivyo mgombea ugavana akija na blanketi za wazee, muulizeni: makao ya kaunti hii yanakaguliwa na nani, na ambulensi ikiitwa usiku inafika baada ya dakika ngapi?