Hosta: Majani Mapana Hayaji kwa Pupa

Chini ya miti mikubwa uani, kwenye nyumba nyingi za Minnesota na Ohio, nyasi hazistawi. Udongo hubaki wazi, na mvua ikinyesha panakuwa tope. Hapo ndipo pa hosta, mmea wa Japani, Korea na China ambao Philipp Franz von Siebold, daktari Mjerumani, aliuleta Ulaya kutoka Japani karibu mwaka 1830.

Wengi huzitamani zile kubwa kabisa. Empress Wu, iliyosajiliwa Marekani mwaka 2007, husimama zaidi ya mita moja, na jani lake moja laweza kufika sentimita 45. Lakini mche wa dukani hauonyeshi hayo. Majani yake ya kwanza ni membamba na laini. Yale mapana yenye makunyanzi hupatikana baada ya miaka mitano, pengine zaidi. Miaka hiyo yote mmea unajenga mizizi, na kila anayeung'oa mapema ili augawe anaurudisha nyuma. Nawasihi wenye bustani: uacheni ukomae.

Jani hukuzwa na maji kuliko mbolea. Chimba shimo pana, si lenye kina kirefu, kwa kuwa mizizi ya hosta hutambaa. Changanya mboji, kisha tandaza majani makavu juu yake. Epuka mti wa mepo (maple), kwani una mizizi ya juu juu inayomaliza maji yote. Chini ya mwaloni ni afadhali.

Aina za bluu zinapendeza mno. Ukipitisha kidole juu ya jani la Elegans, bluu inafutika na kubaki kijani, maana rangi ile ni nta. Jua la mchana huiyeyusha, hivyo jua la asubuhi pekee linatosha. Sum and Substance, ya manjano, huvumilia jua zaidi.

Adui mkubwa ni koa. Hula usiku, akiacha matundu na utepe wa ute unaong'aa. Toka na kurunzi umwokote. Majani mazito humshinda kidogo.

Kwa ndugu walioko Dar es Salaam na Mombasa, msihangaike kuagiza. Hosta lazima ilale wiki kadhaa kwenye baridi kali, la sivyo hudhoofika na kufa. Kivuli cha Pwani chenye unyevu kinayafaa magimbi, na majani yake ni mapana vya kutosha.