Ukungu wa Akili Katikati ya Umri (3): Tezi ya Shingo, Kondoo wa Newcastle na Chumvi ya Jikoni

Oktoba ina siku mbili ambazo vyombo vya habari huzigusa kwa dakika chache kisha vikapita. Tarehe 18 ni Siku ya Kukoma Hedhi Duniani. Tarehe 21 dunia hukumbushwa madhara ya upungufu wa madini joto. Safari hii redio zetu zimeipa ile ya kwanza muda mrefu kuliko kawaida, na wasikilizaji wakapiga simu kueleza hayo hayo ambayo mfululizo huu umeyazungumzia kwa wiki mbili: mama wa miaka 47 anayesimama chumbani asikumbuke alichofuata, mwalimu anayepotewa na jina la mwanafunzi aliyemfundisha miaka minne, mhasibu anayesoma barua moja mara tatu ndipo imwingie. Nilifurahi kusikia mambo haya yakisemwa hadharani. Kilichonisikitisha ni majibu. Mmoja alisema ni uzee, mwingine akasema ni uvivu, na wa tatu akawashauri wahusika watazame ni nani katika ukoo anayewachezea. Tezi ya shingo haikutajwa kabisa.

Basi leo nitaitaja mimi, tena kwa kirefu. Msomaji aliyefuatana nasi tangu sehemu ya kwanza anajua tofauti ya ukungu wa akili na maradhi ya usahaulifu wa uzeeni, na sitairudia. Ninachotaka akijue sasa ni kwamba akili ya mtu mzima inaweza kufunikwa na upungufu mdogo sana ndani ya mwili, ikafunikwa hivyo kwa miaka, kisha ikafunuliwa kwa tiba nyepesi. Ushahidi wa jambo hili ninaouenzi kuliko wote una zaidi ya miaka 130.

Wanawake watano wa London

Mwaka 1873 Sir William Gull, daktari aliyekuwa amejipatia heshima kwa kumuuguza mtoto wa Malkia Victoria homa ya matumbo miaka miwili kabla, alisimama mbele ya madaktari wenzake mjini London akaeleza habari za wanawake watano. Walikuwa watu wazima waliokuwa wazima wa afya. Polepole nyuso zao zilijaa, ngozi ikakauka, ulimi ukawa mzito, sauti ikabadilika. Kilichomvuta zaidi Gull ni akili: mwanamke aliyekuwa mchangamfu na mwenye kudadisi mambo aligeuka mpole, mtulivu, asiyejali kitu. Gull aliyaeleza hayo kwa uangalifu mkubwa, ila chanzo chake hakukijua. Miaka michache baadaye mwenzake William Ord alimpasua marehemu mmoja mwenye hali hiyo, akaikuta tezi ya shingo imeharibika. Ndiye aliyeupa ugonjwa huo jina la miksedema.

Wakati huo huo, mjini Bern nchini Uswisi, Theodor Kocher alikuwa akipasua wagonjwa wa goita, maradhi yaliyoenea mno katika vijiji vya milimani. Mkono wake ulikuwa hodari kiasi kwamba aliweza kuiondoa tezi yote na mgonjwa akapona kidonda. Lakini mwaka 1883 aliwaita wagonjwa wake wa zamani ili awatazame upya. Kati ya 18 aliowachunguza ambao tezi yao iliondolewa yote, 16 walikuwa wamezorota mwili na akili. Kocher aliyaandika matokeo hayo na kuyatangaza, ingawa yalikuwa yakimshitaki yeye mwenyewe, na akaacha kuondoa tezi yote pale ambapo hapakuwa na saratani. Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel. Napenda vijana wanaosomea udaktari waijue habari hii kabla ya kujua jina la dawa yoyote, kwa maana elimu yetu yote ya tezi imejengwa juu ya mtu aliyekubali kuutazama uharibifu wa mikono yake na kuusema.

Huko London iliundwa kamati kuchunguza kama miksedema ya Gull, maradhi ya wagonjwa wa Kocher na udumavu wa watoto wa milimani vilikuwa kitu kimoja. Ilichukua miaka mitano. Taarifa yake ya mwaka 1888 ilijibu ndiyo: vyote vitatu vilitokana na tezi ya shingo isiyofanya kazi.

Kondoo zaidi ya 870

Kutoka hapo ndipo alipotokea George Murray, daktari kijana wa Newcastle. Alijiuliza: kama mwili umekosa kinachotoka kwenye tezi, kwa nini usipewe kutoka kwa mnyama? Alipolitoa wazo lake mkutanoni mwanzoni mwa mwaka 1891, mkubwa mmoja katika fani alilibeza. Murray hakurudi nyuma. Alichukua tezi za kondoo waliochinjwa siku hiyo, akazikamua maji yake kwa glisirini, akamdunga mwanamke wa miaka 46 aliyekuwa akiugua kwa miaka kadhaa.

Miaka 46, msomaji wangu! Ni umri ule ule wa hao waliokuwa wakipiga simu redioni. Mwanamke huyu alikuwa amelegea, anakwepa kukutana na wageni, maneno yanamtoka kwa taabu. Katika taarifa aliyoichapisha Oktoba mwaka huo huo, Murray alieleza kwamba baada ya miezi michache uvimbe wa uso ulipungua, usemi ukawa mwepesi, mgonjwa akawa anajibu maswali upesi, akili ikachangamka na kumbukumbu ikarudi. Aliweza tena kutembea barabarani bila kusitasita. Mwanamke huyo aliishi hadi mwaka 1919, akafariki akiwa na miaka 74. Katika miaka hiyo 28 alitumia tezi za kondoo zaidi ya 870.

Mwaka 1892 madaktari wengine wawili wa Uingereza, Hector Mackenzie na Edward Fox, walionyesha kuwa hata sindano haihitajiki. Fox alimwandikia mgonjwa wake nusu ya tezi ya kondoo, ikaangwe kidogo, ikatwekatwe na kuliwa na jeli ya matunda mara moja kwa juma. Siku ya Krismasi ya mwaka 1914, nchini Marekani, Edward Kendall alifaulu kuitenga homoni yenyewe, thairoksini. Kazi yake ilimgharimu tani zipatazo tatu za tezi za nguruwe ili apate gramu 33 tu. Mwaka 1927 Charles Harington na George Barger wakatangaza kuwa wameitengeneza katika maabara. Kidonge cha levothairoksini kinachouzwa leo katika maduka yetu ya dawa ni mjukuu wa kondoo wale wa Newcastle.

Madini joto na wajibu wetu

Tezi hii haiwezi kutengeneza homoni bila madini joto. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mjamzito 250. Ukikusanya mahitaji ya mtu kwa miaka 70, yote hayajazi kijiko kimoja cha chai. Kwa kukosa kiasi hicho, vijiji vizima duniani vimezaa watoto wenye akili iliyodumaa.

Kule Akron, Ohio, David Marine na Oliver Kimball waliwapa wasichana wa shule madini joto kuanzia mwaka 1917. Kati ya zaidi ya 2,000 waliopewa, watano tu ndio waliopata goita. Kati ya idadi inayokaribiana na hiyo ya wasiopewa, walioipata walikuwa karibu 500. Mwaka 1922 Uswisi ikaanza kuyatia madini hayo katika chumvi. Kwetu Tanzania jambo hili lilichukuliwa kwa uzito katika miaka ya 1980, pale vidonge vya mafuta yenye madini joto vilipogawiwa katika wilaya zilizoathirika zaidi, hasa za Nyanda za Juu Kusini, na katika muongo uliofuata sheria ikataka chumvi ya kula iwe na madini joto. Miaka ya 1980 karibu robo ya watoto wa shule walikuwa na goita. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2004 uliwakuta asilimia 7. Haya ni mafanikio makubwa ya taifa hili, na inaniuma kwamba hayafundishwi kama tunavyofundisha tarehe za vita.

Inaniuma pia kuona chumvi ghafi kutoka kwenye mashamba ya chumvi ya pwani ikipimwa kwa kopo sokoni, na muuzaji akimhakikishia mteja kuwa ya bahari ndiyo asilia na ina kila kitu. Chumvi ya bahari kwa asili yake karibu haina madini joto. Mzalishaji mdogo asiyepata dawa ya kuchanganya asaidiwe, maana anataka kuishi. Mfanyabiashara mkubwa anayejua na kukwepa aadhibiwe, maana anachuma kutoka kwenye akili za watoto wa wenzake. Nawe nyumbani, nunua pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto, iweke katika chombo chenye kifuniko mbali na mvuke na jua, uitie chakula kikikaribia kuiva. Simaanishi uongeze chumvi: Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu tano kwa siku, na kiasi hicho kinatosha kabisa.

Nitoe tahadhari moja. Tezi ya mtu wa makamo inapolegea mahali penye chumvi nzuri, mara nyingi chanzo ni kinga ya mwili kuishambulia, hali iliyoelezwa na Mjapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912. Mtu wa namna hiyo hatibiwi kwa kurundikiwa madini joto. Matone na poda zinazouzwa mitandaoni zinaweza kumzidishia madhara. Zimbabwe ilijionea katika miaka ya 1990, madini yalipozidi katika chumvi, watu kadhaa wakaugua kwa tezi kufanya kazi kupita kiasi.

La kufanya sasa

Anayehisi ukungu wa akili pamoja na uchovu, baridi wasiyoihisi wenzake, choo kigumu, ngozi kavu, sauti nzito au uzito unaopanda bila sababu, aombe kipimo cha TSH. Hiyo ni homoni ambayo tezi ndogo iliyo chini ya ubongo huituma kuiamsha tezi ya shingo. Ni kama mama anayemwita mtoto asiyeitika: kadiri asivyoitika ndivyo sauti inavyopanda. TSH ikiwa juu, tezi ya shingo imelegea. Wanawake hupatwa mara nyingi zaidi kuliko wanaume. Ukiandikiwa levothairoksini, meza asubuhi tumbo likiwa tupu, subiri nusu saa au zaidi kabla ya kula, usiichanganye na kahawa wala vidonge vya madini ya chuma au chokaa, na usiache kwa sababu umejisikia vizuri. Umejisikia vizuri kwa sababu unaitumia.

Tezi haina lawama ya kila ukungu. Damu ipimwe wekundu wake, sukari na vitamini B12, hasa kwa anayetumia metformini ya kisukari kwa muda mrefu. Presha ipimwe. Anayekoroma na kukatika pumzi usingizini amweleze daktari, vivyo hivyo aliyekata tamaa ya maisha na anayekunywa pombe kila jioni. Dawa za mafua zinazoleta usingizi nazo hutia ukungu.

Na kina mama wanaokaribia kukoma hedhi wasitishwe. Utafiti wa Marekani uliowafuatilia zaidi ya wanawake 3,000 tangu mwaka 1996 ulionyesha kuwa kasi ya kujifunza hupungua katika kipindi cha mpito, kisha hurejea. Mwaka 2022 siku ile ya tarehe 18 iliwekwa makusudi kwa mada hii ya akili na hisia, na wataalamu wakasisitiza kuwa mabadiliko hayo kwa kawaida ni madogo, na kwamba katika umri huo maradhi ya usahaulifu ni nadra. Kutembea kila siku, kulala kwa saa zinazoeleweka, kuandika ya kukumbuka na kufanya jambo moja kwa wakati mmoja husaidia kweli. Mwenye joto la ghafla linalomnyima usingizi azungumze na daktari kuhusu tiba.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini katika habari hii mara nyingi anayeficha si mgonjwa, ni sisi tunaomzunguka: mume anayemwita mkewe mvivu, mkuu wa kazi anayemhamisha mhasibu wake, jamaa wanaompeleka dada yao kwa mganga kabla ya maabara. Yule mwanamke wa Newcastle aliongezewa miaka 28 ya akili timamu kwa sababu mtu mmoja alikataa kumwona kuwa amekwisha. Leo kwa kipimo kimoja cha damu twaweza kufanya alichofanya Murray, na hatuna udhuru wa kutofanya. Hospitali zetu za wilaya zipewe vipimo hivyo kwa bei ambayo mkulima ataimudu, na wabunge wetu wanapojadili bajeti ya afya waulizwe.

Wiki ijayo, inshallah, tutaanza na usingizi na kukoroma, nilivyovipitia leo kwa mstari mmoja.