Kupooza Uso kwa Ghafla: Saa 72 za Mwanzo

Mvuvi anaamka alfajiri katika kisiwa kimojawapo cha Wilaya ya Muleba, tuseme Goziba au Ikuza. Anasukutua, na maji yanamchuruzika upande mmoja wa mdomo. Jicho la upande huo halifumbi. Jirani atasema ni upepo mbaya, mwingine atasema amelogwa. Yeye mwenyewe anawaza kiharusi. Atakapofika hospitali ya Rubya, au ya rufaa ya mkoa pale Bukoba, huenda juma zima limekwisha kupita na shavuni ana chale.

Ugonjwa huu huitwa kupooza kwa Bell, kwa kumkumbuka Charles Bell, mpasuaji wa Uskoti aliyeeleza kazi ya mishipa ya fahamu ya uso mwaka 1821. Mshipa wa saba wa fahamu hutoka katika ubongo na kupita ndani ya mfereji mwembamba wa mfupa karibu na sikio. Ukivimba humo hauna pa kutanukia. Hubanwa, na amri zinazokwenda kwenye misuli ya uso hukatika. Anayeshukiwa zaidi ni kirusi cha malengelenge ya mdomo, ambacho wengi wetu tumekibeba kimya kwa miaka mingi. Wajawazito wa miezi ya mwisho na wenye kisukari hupatwa zaidi. Upepo wa ziwani hatuna ushahidi wa kuutia hatiani.

Je, ni kiharusi? Mwambie mgonjwa ainue nyusi. Paji la uso hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo, hivyo kiharusi kwa kawaida huliacha likikunjika. Paji likilala pamoja na shavu, aghalabu kasoro iko kwenye mshipa wenyewe. Lakini mkono au mguu ukilegea, au maneno yakimpotea, ni dharura, asisubiri.

Mhudumu achungulie pia sikio. Usaha sikioni huhitaji mtaalamu upesi, na malengelenge kuzunguka sikio ni mkanda wa jeshi, unaohitaji asaikloviri pamoja na tiba nyingine. Kipimo cha VVU kisiachwe. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa mwaka 1983, na kupooza uso huweza kuwa dalili ya mapema ya maambukizi, hata kabla kipimo cha kawaida hakijasoma chanya. Kwa hiyo kirudiwe baadaye.

Tiba yenyewe ni rahisi: prednisoloni miligramu 50 kwa siku, kwa siku 10, yaani vidonge 10 vya miligramu 5 kila siku, baada ya chakula. Faida yake imethibitika inapoanzwa ndani ya saa 72. Katika utafiti wa Uskoti uliochapishwa mwaka 2007, baada ya miezi tisa asilimia 94 ya waliopewa dawa hiyo walikuwa wamepona kabisa, ikilinganishwa na asilimia 82 ya wasioipata. Mgonjwa asijinunulie dukani: sukari, shinikizo la damu, vidonda vya tumbo na kifua kikuu vichunguzwe kwanza.

Jicho ndilo hunitia hofu zaidi. Nimeona wagonjwa ambao uso ulirudi, lakini jicho halikurudi. Lisilofumba hukauka, kioo chake huchubuka, kidonda huingia usaha, na uwezo wa kuona hupotea. Moshi wa kuni na vumbi la barabarani huharakisha hayo. Mchana tumia matone ya machozi ya bandia na miwani. Usiku paka marhamu ya tetrasaiklini, kisha ufunge kope kwa plasta laini. Hayo zahanati yoyote yaweza kuyafanya hata kabla ya rufaa. Dawa ya majani isitiwe jichoni kamwe. Jicho likiuma, likiwa jekundu au likiona ukungu, mgonjwa apelekwe siku hiyo hiyo.

Hata bila dawa, wagonjwa saba kati ya kumi hupona kabisa. Wengi huanza kuona nafuu ndani ya majuma matatu. Wengine hungoja miezi. Mazoezi yawe ya polepole mbele ya kioo, kwani kukaza uso kwa nguvu hakuharakishi kupona. Kwa wachache mshipa hukua upya ukipotea njia, jicho likafumba kila wanapotabasamu. Mtaalamu wa fiziotherapia huweza kuwasaidia. Uso ambao haujatikisika hata kidogo baada ya miezi minne, au unaozidi kulegea hatua kwa hatua, si wa kungojewa: mgonjwa apewe rufaa ya Bugando, Mwanza, atafutwe uvimbe unaoubana mshipa.