SWALI LA KIINGEREZA, JIBU LA SIMU

Ukipita Ukunda saa moja jioni, pale barabara ya Diani inapokutana na barabara kuu ya Likoni hadi Lungalunga, huenda ukamkuta kijana wa sare za shule ameketi kwenye baraza ya duka, daftari liko magotini na simu iko mkononi. Usidhani anatazama mpira. Kijana huyo anatafuta mtu wa kumjibu swali la Kiingereza alilopewa na mwalimu wake mchana, na mtu huyo hamjui wala hatamwona.

Swali lenyewe huwa dogo. Igeuze sentensi hii ianze na neno lile. Taja neno ambalo herufi yake ya kwanza huandikwa lakini haitamkwi. Kwa mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya Kiingereza, hayo ni mambo ya kuulizwa mezani huku watu wakila. Lakini kwa mtoto wa Kinango, Gazi au Vanga mambo si hivyo. Nyumbani kwao husemwa Kidigo, Kiduruma, Kivumba au Kiswahili. Baba yuko baharini, au yuko hotelini zamu ya usiku. Mama ndiyo kwanza anarudi sokoni. Na hata wangekuwapo wote wawili, wangemwambia akamwulize mwalimu. Naye mwalimu ana darasa lililofurika, na kengele imekwisha kulia.

Zamani mtoto wa namna hiyo alikuwa na njia moja: kumtafuta kaka wa jirani aliyefika kidato cha nne, amngoje amalize kuoga na kula, ndipo amfungulie daftari. Kaka huyo akiwa na hasira siku hiyo, basi swali lililala.

Vijana wa leo hudhani kufundishwa na mtu usiyemwona ni jambo lao wao. Sivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 chuo ambacho baadaye kiliitwa Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa tayari kikiwasomesha walimu kwa njia ya posta. Na kuanzia mwaka 1980 hadi 1985, Taasisi ya Elimu ya Kenya, kwa msaada wa Marekani, iliendesha mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa matatu ya mwanzo ya shule za msingi. Vipindi viliitwa 'English in Action'. Redio iliuliza swali, ikanyamaza kidogo, watoto wakajibu kwa sauti moja, kisha redio ikatoa jibu lililo sawa. Ulikuwa mpango wa busara, na nchi nyingine ziliuiga. Ila redio ndiyo iliyouliza. Mtoto hakuwa na njia ya kuiuliza redio, wala redio haikujua nani amenyamaza pale nyuma ya darasa.

Mambo yaligeuka mnamo miaka ya 2010, wakati Mmarekani Toni Maraviglia na Mkenya Kago Kagichiri walipoanzisha kampuni ya Eneza. Wao hawakungoja kila nyumba ipate simu ya bei. Walitumia ujumbe mfupi wa maandishi, ule unaopokelewa na hata simu ya 'mulika mwizi'. Baadaye, kwa kushirikiana na Safaricom, huduma yao ilijulikana kama Shupavu 291. Mwanafunzi alibonyeza nyota, 291 na alama ya reli, akalipa shilingi 3 kwa siku, akapata masomo na mazoezi. Palikuwa pia na mlango wa kumwuliza mwalimu wa kweli, mtu mwenye damu na nyama, naye akajibu. Shule zilipofungwa nchini kote Machi 2020 kwa sababu ya korona, Safaricom iliwafungulia wanafunzi huduma hiyo bila malipo kwa muda, na wengi ambao hawakuwahi kuisikia wakaijua.

Fikiri kazi ya mwalimu yule. Ujumbe mfupi una nafasi ya herufi 160 tu, tena nafasi kati ya neno na neno inahesabiwa. Humo amweleze mtoto kwa nini hapa linakuja 'the' na pale linakuja 'a', mtoto ambaye lugha yake haina hili wala lile. Amweleze kwa nini Kiingereza hakiridhiki na 'yeye' mmoja, bali kinataka kujua kwanza kama ni mwanamume au mwanamke. Ni kazi ya mshairi, aliyefungwa na mizani.

Na kwa kweli sisi watu wa pwani tusingeshangaa sana. Kuuliza hadharani na kujibiwa na mtu wa mbali ni ada yetu. Washairi wetu walirushiana mafumbo tangu enzi za Muyaka wa Mombasa katika karne ya 19, na kurasa za mashairi magazetini zimejaa watu wanaouliza kwa beti na kuomba wajuzi wawajibu. Wa Msambweni huuliza, wa Lamu hujibu, na wa Tanga huwasahihisha wote wawili. Tofauti ni kwamba mshairi huuliza ili aonekane anajua kuuliza. Mtoto wa shule huuliza ili asionekane.

Hapa ningependa msomaji anivumilie kidogo, kwani ndipo penye uzito. Mwandishi wa makala haya hajasahau kibao kilichokuwa kikizunguka darasani mwao. Aliyeponyokwa na neno la kwao alivikwa shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenziwe. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza adhabu ya namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na ukoloni, na waliosoma zama hizo hawakuhitaji kitabu kuikumbuka. Siku moja nilisimama kuuliza maana ya neno, nikalitamka vibaya, darasa zima likaangua kicheko na mwalimu naye akacheka. Sikuuliza tena kwa muhula mzima. Kiingereza changu kilidumaa, kwa sababu ya haya na si kwa uzito wa kichwa.

Simu haicheki. Hiyo ndiyo siri yake kubwa. Binti wa kidato cha tatu anaweza kuuliza swali la darasa la nne mara tano, na hapana atakayemtazama kwa jicho la pembeni. Wanaoilaani simu ya mwanafunzi kila siku wangelitia jambo hili pia katika mizani.

Lakini tangu Novemba 2022, ilipotokea programu ya ChatGPT, na nyingine zikafuata, anayejibu si mwalimu tena. Ni mashine. Wala haina mpaka wa herufi 160. Ukiiuliza maana ya neno hukupa ukurasa mzima. Ukiitaka insha hukuandikia insha, tena haraka kuliko unavyopiga mluzi. Na hapo ndipo msaada hugeuka uchukuzi: badala ya kushikwa mkono, mtoto hubebwa mgongoni.

Mwalimu huijua insha ya namna hiyo kabla hajafika nusu. Mtoto ambaye juzi alikosea wakati uliopita leo ameandika sentensi ndefu isiyo na doa, yenye maneno ambayo ukimwuliza maana yake hutazama dari. Mara nyingine tahajia ndiyo humfichua: ameandika 'color' bila 'u', kama mtoto wa Chicago, ilhali shule zetu hufuata maandishi ya Kiingereza cha Uingereza.

Kuna na jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalitambui. Kuanzia mwaka 2018 hadi 2022, wanafunzi wa sekondari walisoma tamthilia ya Henrik Ibsen wa Norwe, 'A Doll's House', na riwaya ya Mkenya Henry ole Kulet, 'Blossoms of the Savannah'. Kuhusu tamthilia ya Ibsen, iliyotoka mwaka 1879, intaneti imejaa uchambuzi wa kila namna, kwa kuwa dunia nzima imeisoma kwa zaidi ya karne moja. Kuhusu riwaya ya ole Kulet, ya mabinti Taiyo na Resian, mengi yaliyokuwamo ni muhtasari wa walimu wetu wenyewe wa hapa nchini. Mashine hizi hujua kile kilichoandikwa sana. Kilichoandikwa kidogo hukibahatisha, tena kwa lugha tamu isiyoonyesha wasiwasi. Mtoto anayeitegemea kwa vitabu vya kwetu anaweza kupeleka darasani mhusika ambaye mwandishi hakumwumba.

Na mtihani unakuja. Karatasi ya tatu ya Kiingereza katika KCSE ina maswali matatu ya insha, kila moja alama 20. Mtahiniwa huingia na kalamu yake. Simu hubaki nje.

Je, basi wazazi wa Kwale wawapokonye watoto simu? Mimi siungi mkono. Ukimnyima simu mtoto wa Lungalunga, yule wa mjini mwenye mwalimu wa tuisheni nyumbani hatapungukiwa na kitu. Utakuwa umemfungia mlango yule tu aliyekuwa na mlango mmoja. Hata hivyo mlango wenyewe hauko wazi kila siku. Simu ni ya mama, bando ni la kununua, na chaji ni ya kuombea dukani.

Nilirudi kwa kijana wangu wa baraza ya Ukunda. Alikuwa amepata jibu na anamalizia kulinakili. Nikamwomba anieleze alichoandika. Kwa Kiingereza alianza, akakwama, akaanza tena. Nikamwambia aseme kwa lugha anayoitaka. Akanieleza kwa Kidigo, kwa mfano wa ngalawa mbili, moja imekwisha fika ufuoni na nyingine ingali njiani, na tofauti ya nyakati mbili za Kiingereza ikakaa wazi kuliko nilivyowahi kufundishwa mimi. Mfano huo haukuwa katika simu. Nilipotazama daftari, nalo halikuwa na ngalawa. Lilikuwa na jibu la mashine, neno kwa neno.

Nikamwuliza kwa nini hakuandika ule wake. Alicheka, akasema kwamba ule si Kiingereza. Kisha akafunga daftari, maana mama yake alikuwa amemtuma mdogo wake aje achukue simu.