Likizo ya wawili: Bagamoyo na Mji Mkongwe bila mzigo

Sisi watu wa mpakani hatujui likizo. Safari kwetu ni kwenda kununua na kurudi kuuza. Mke wangu alizaliwa Goma, na kwa miaka mingi amevuka Petite Barrière na bidhaa zake. Agosti 2023 nilipomwambia twende pwani kutembea tu, aliuliza: "Mwalimu, tutaleta nini?" Nikamjibu hatutaleta kitu. Alinitazama kama mgonjwa.

Tulikuwa na miaka 20 ya ndoa na hatujawahi kusafiri wawili pasipo harusi wala msiba. Fedha zenyewe zilikuwa za kuongeza mtaji wake. Alifikiri wiki nzima, kisha akakubali.

Tulipanda basi Kigali, tukavuka Rusumo. Wanyarwanda hatuhitaji viza kuingia Tanzania. Ng'ambo ya daraja ni Ngara, nilikozaliwa ukimbizini na kusoma hadi tuliporejea nyumbani 1995. Kwa sababu hiyo, nyumbani kwetu mimi ndiye bingwa wa Kiswahili. Mke wangu akisema "bintu", humsahihisha "vitu", hata mbele ya wateja wake.

Bagamoyo, kilometa zipatazo 70 kutoka Dar es Salaam, tulikaa siku tatu. Mji huo ulikuwa makao makuu ya Wajerumani hadi 1891, na kabla yao ulikuwa kituo cha misafara iliyotoka Ujiji na Tabora. Asubuhi tulitazama misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa 1868 na magofu ya Kaole. Mchana tulilala. Siku ya pili mke wangu aliacha kuuliza saa.

Kutoka Dar es Salaam, boti ilitufikisha Unguja kwa muda wa saa mbili hivi. Mji Mkongwe, ulioingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, hautaki haraka. Vichochoro vyake vinakupoteza na kukurudisha. Beit el Ajaib, jumba la mwaka 1883, tulilikuta limefungwa, maana sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020.

Sokoni Darajani mke wangu aliuliza: "Bitenge biko bei gani?" Vijana wakacheka. Nikaharakisha kumsahihisha. Mwenye duka akanigeukia mimi: "Na wewe mzee, wa Rwanda au Burundi?" Nilinyamaza. Miaka yote nilidhani pwani watanipokea kama mtoto wao.

Tulifika nyumba ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyefariki 1905. Nikaanza somo langu: kwamba misafara yake na ya wenzake ndiyo iliyofikisha Kiswahili Maniema na mashariki ya Kongo. Mke wangu alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Basi Kiswahili changu unachokiona kibovu kilitembea kwa miguu kutoka hapa, na waliokibeba walikuwa na mizigo kichwani."

Nimefundisha historia hiyo miaka mingi. Sikuwahi kuifikiri hivyo.

Kesho yake tulikwenda Mkunazini, kwenye soko la watumwa lililofungwa 1873, ambapo sasa pana kanisa la Kianglikana. Wageni huoneshwa vyumba vya chini, vyenye dari fupi hata mtu hawezi kusimama wima. Hatukuzungumza humo. Tulipotoka juani nilimwomba radhi, naye hakuuliza kwa lipi.

Kwa msomaji anayetaka kwenda: chukua pasipoti, epuka masika ya Machi hadi Mei, na kaa siku nyingi katika miji michache.

Mtaji wa mke wangu ulichukua miezi saba kurudi. Alileta kanga jozi moja, na hakuiuza. Siku hizi akisema "bintu", nanyamaza. Wateja wake wamemwelewa tangu zamani.