Hesabu za Jeni: Mageuko Yanavyopimwa kwa Kalamu

Jenetiki ya jamii ni tawi la biolojia linalochunguza jinsi aina za jeni zinavyoongezeka, kupungua au kutoweka katika kundi la viumbe, kizazi baada ya kizazi. Upande wake wa nadharia hauhitaji darubini. Mtafiti huziandika kanuni za urithi kwa hisabati, kisha hukokotoa kundi litakavyokuwa baada ya vizazi mia au elfu.

Msingi wa hesabu hizo uliwekwa mwaka 1908 na Hardy, mwanahisabati wa Uingereza, na Weinberg, daktari wa Ujerumani, kila mmoja kivyake. Walionyesha kwamba katika kundi kubwa lisilo na uhamiaji, mabadiliko mapya ya jeni wala uteuzi wa aina yoyote, na ambamo watu huoana bila kubagua jeni hiyo, viwango vya jeni havibadiliki. Aina moja ikiwa asilimia 10 ya nakala zote, asilimia 1 ya watu watakuwa na nakala zake mbili, asilimia 18 nakala moja, na asilimia 81 hawatakuwa nayo. Kundi tulivu namna hiyo halipatikani duniani, lakini hesabu yake ni kama timazi ya mwashi: ndiyo inayoonyesha ukuta umepinda wapi na kwa kiasi gani.

Mfano maarufu ni selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli. Anayerithi nakala mbili za jeni yake huugua. Mwenye nakala moja kwa kawaida huwa mzima. Kabla ya tiba za kisasa, watoto wengi waliougua barani Afrika walifariki wangali wadogo, kwa hiyo jeni hiyo ilipaswa kufifia. Hata hivyo, mwaka 1949 Anthony Allison, Mwingereza aliyekulia Kenya, aliona kuwa wenye nakala moja walikuwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na wachache nyanda za juu. Tofauti hiyo ilifuata nyayo za malaria. Mwaka 1954 alichapisha matokeo ya watoto 290 wa Uganda: kati ya 43 wenye jeni hiyo, 12 walikutwa na vijidudu vya malaria, sawa na asilimia 28, ilhali kati ya 247 wasio nayo walikuwa 113, yaani asilimia 46.

Hisabati ya hali kama hiyo ilikuwapo tayari. Mwaka 1922, Fisher wa Uingereza alionyesha kuwa wenye nakala moja wakinusurika kuliko wengine wote, aina zote mbili za jeni hudumu. Tuseme wenye nakala mbili za jeni ya selimundu wote hufa kabla ya kuzaa, hasara ya 100 kwa 100, na malaria huwapunguza wasio nayo kwa 11 kwa 100. Gawa 11 kwa jumla ya hasara hizo mbili, yaani 111: jeni itatulia karibu na asilimia 10. Malaria ikitokomezwa, ile 11 huwa sifuri, na jeni huanza kupungua polepole.

Nguvu nyingine inayobadili viwango vya jeni ni bahati. Katika modeli ya Fisher na ya Wright wa Marekani, nakala za kizazi kipya huchotwa kama shanga kibuyuni bila kutazama, na kundi likiwa dogo, rangi moja inaweza kutoweka kabisa. Badiliko jipya lisilo na faida wala madhara, katika kundi la watu 500 wenye nakala 1,000, lina nafasi 1 kati ya 1,000 ya kuenea kwa wote. Motoo Kimura wa Japani, aliyepata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1956, alizikokotoa bahati hizo kwa milinganyo ambayo wanafizikia huitumia kueleza msambao wa joto. Mwaka 1968 alitoa hoja kuwa mabadiliko mengi ya molekuli yameenea kwa bahati tu.

Mwaka 1982 Kingman wa Uingereza aliigeuza hesabu itazame nyuma, kutoka nakala zilizopo leo hadi asili yao. Katika kundi la watu 10,000 lisilobadilika ukubwa, nakala mbili hukutana kwenye asili moja, kwa wastani, vizazi 20,000 vilivyopita.

Mwanafunzi wa uzamivu katika fani hii huchukua swali finyu, huandika masharti na milinganyo yake, kisha huunda programu ya kompyuta inayozalisha maelfu ya makundi ya kubuni ili kuyalinganisha na jeni halisi. Ugumu ni kwamba visababishi tofauti huacha alama zinazofanana. Kundi lililokua haraka na jeni iliyoenea upesi kwa faida yake vyote huacha aina nyingi za nadra. Kinachosaidia kuvitenganisha ni kuwa ukuaji wa kundi hugusa jeni zote, ilhali uteuzi huacha alama yake kuzunguka jeni husika tu.