Kura za vijijini Malawi na mzigo wako: nini cha kuangalia

LILONGWE – Mfanyabiashara anayeshusha mzigo Old Town, Lilongwe, au kambi ya wakimbizi ya Dzaleka wilayani Dowa, anafanya kazi ndani ya ngome ya chama cha Malawi Congress Party (MCP). Lakini tangu Oktoba 2025 nchi inaongozwa na Peter Mutharika wa Democratic Progressive Party (DPP), chama chenye mizizi Kusini.

Jambo hilo si la wanasiasa peke yao. Kwa mujibu wa sensa ya 2018, asilimia 84 ya Wamalawi wanaishi vijijini. Kura zao ndizo zinazoamua sera ya mbolea, usafirishaji wa mahindi nje na nani aruhusiwe kufungua duka.

Mikoa mitatu

Uchaguzi wa vyama vingi wa 1994 uliweka ramani. Kusini ilimpa kura Bakili Muluzi wa UDF, Kati ikabaki na Kamuzu Banda wa MCP, na Kaskazini ikamfuata Chakufwa Chihana wa AFORD. Muluzi alishinda kwa takriban asilimia 47. Banda, mwenyeji wa Kasungu, ndiye aliyehamishia makao makuu Lilongwe kutoka Zomba mwaka 1975.

Ramani hiyo ilivurugika mwaka 2009. Bingu wa Mutharika alipata takriban asilimia 66, Kaskazini nako ikiwa nyuma yake. Sababu kubwa ilikuwa ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2005/06, pamoja na mavuno mazuri ya mahindi. Mkulima alipiga kura kwa kuangalia ghala lake.

Nusu ya kura na moja

Mwaka 2014 Peter Mutharika alishinda kwa asilimia 36 tu. Februari 2020 Mahakama ya Katiba ilifuta uchaguzi wa 2019 na kutamka kwamba mshindi lazima avuke nusu ya kura. Tangu hapo hakuna mkoa unaotosha peke yake.

Lazarus Chakwera wa MCP aliungana na vyama vingine na kushinda marudio ya Juni 2020 kwa karibu asilimia 59. Septemba 2025 alipata asilimia 33, Mutharika karibu 57. Lilongwe na Dowa zilibaki na MCP, lakini hazikutosha. Mfumuko wa bei ulikuwa umepita asilimia 20 kwa miaka mitatu, kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 44 Novemba 2023, na foleni za mafuta zilikuwa jambo la kawaida.

Wasio na kura

Dzaleka ilifunguliwa 1994 mahali palipokuwa gereza, zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe. Ilikusudiwa watu wapatao 12,000. Leo wako zaidi ya 50,000, wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ni moja ya lugha za soko lake. Hawapigi kura, ila hulipa gharama ya siasa.

Mwaka 2021 serikali ya Chakwera iliwaamuru wakimbizi waliokuwa mijini na vijijini warudi kambini. Mahakama ilisitisha agizo kwa muda, lakini Mei 2023 polisi walianza kuwakamata Lilongwe na maduka yao yakafungwa. Aliyekuwa amewakopesha bidhaa alibaki na madeni.

Kumbana mgeni mwenye duka si sera ya chama kimoja. Katika miaka ya 1970 Banda aliwaondoa wafanyabiashara wa Kiasia vijijini. Kwa mwanasiasa ni hatua rahisi: anayefungiwa hana kura, na jirani anayeshindana naye anayo.

La kuzingatia

Kwa hiyo, kubadilika kwa chama tawala pekee si sababu ya kulegeza tahadhari. Msafirishaji anayepita Kasumulu aangalie kwanza mavuno. Msimu ukiwa mbaya, serikali yoyote hufunga mahindi yasitoke, kwani njaa kijijini ni kura iliyopotea. Aangalie pia fedha za kigeni: Machi 2025, kwa hoja ya kuzilinda na kulinda wazalishaji wa ndani, Malawi ilizuia kuingizwa kwa bidhaa kama mchele, tangawizi na ndizi. Tanzania ilijibu Aprili kwa kuzuia mazao ya Malawi, kabla ya kulegeza baadaye.

Na anayeuza kwa mkopo Dzaleka au kwa wakimbizi wa Old Town, apunguze muda wa deni. Duka la mteja wake linaweza kufungwa kwa agizo moja.